Mapigo 76 kwa Kila Mstari

Kwenye televisheni ya chogo hakuna picha. Kuna mwale mmoja wa elektroni unaopiga kioo kwa ndani. Unaanzia pembe ya juu kushoto, unachora mstari kwenda kulia, unazimika, unarudi kushoto, unashuka kidogo na kuanza mstari mwingine. Kwa mashine za gemu zilizotengenezewa televisheni za Marekani, mistari hiyo ni 262, na safari nzima ya juu hadi chini hurudiwa mara 60 kwa sekunde. Jicho ndilo linaloviunga vipande hivyo likadhani limeona kitu kimoja kilichotulia.

Kompyuta nyingi humfichia mwandishi wa programu jambo hili. Zina kumbukumbu ya kutosha kubeba picha nzima. Yeye huijaza kwa nafasi yake, na saketi nyingine huimwaga kiooni. Atari VCS, mashine ya nyumbani iliyotoka Marekani mwaka 1977 na baadaye kuitwa 2600, haikumficha mtu kitu. Haikuwa na kumbukumbu ya picha hata kidogo. Aliyetaka ukuta uonekane mahali fulani alipaswa kuhakikisha programu yake imefika hapo kabla ya mwale, imeacha maagizo, na imeondoka kwenda kuandaa ya nukta zinazofuata. Asipowahi, ukuta hauonekani, au unaonekana mahali pasipo pake.

Katika mashine hiyo ndimo Pac-Man alimotakiwa kuingizwa.

Gemu yenyewe ilitoka Japani mwaka 1980, kazi ya Toru Iwatani na wenzake wa kampuni ya Namco. Wengi wanaijua: mzingile wenye punje 240 ndogo na 4 kubwa, kinywa cha njano kinachozila, na vizuka vinne vinavyokifukuza. Kisichojulikana sana ni jinsi lile kabati la kutumbukizia sarafu lilivyojengwa kwa ajili ya gemu ya namna hii hasa. Kioo chake kilisimamishwa wima, nukta 224 kwa upana na 288 kwa urefu. Prosesa yake, Z80, ilipiga mara milioni 3 na zaidi kwa sekunde. Saketi maalumu zilipanga mzingile kama vigae vidogo vya nukta 8 kwa 8, na nyingine zikaviweka vizuka juu ya vigae bila kuvigusa. Punje ikiliwa, programu ilibadili kigae kimoja basi, kazi imekwisha.

VCS ilikuwa na prosesa ya 6507, yenye mapigo milioni 1.19 kwa sekunde. Kaseti yake ya kawaida ilibeba kilobaiti 4 za programu, na humo ilibidi kuingia kila kitu: kanuni za mchezo, maumbo, sauti, ramani ya mzingile. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. Sentensi hii unayoisoma sasa, ukihesabu herufi zake zote pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, tayari imezidi uwezo wa kumbukumbu hiyo kabla haijafika kwenye nukta. Kilichosalia ni chipu iitwayo TIA, iliyosanifiwa na Jay Miner na wenzake, ambayo kazi yake ilikuwa kuongea na mwale. TIA ilibuniwa watu wakiwa na gemu mbili kichwani, Pong na ile ya vifaru. Kwa hiyo ilijua kuchora viumbo viwili vya wachezaji, makombora mawili, mpira mmoja na ukuta wa nyuma. Vizuka vinne havikuwamo katika mawazo ya mtu yeyote.

Aliyekabidhiwa kazi hiyo ndani ya Atari ni Tod Frye, na kaseti yake ikaingia madukani Machi 1982.

Leo kazi yake inaweza kutazamwa taratibu kuliko alivyoweza kuitazama mnunuzi yeyote wa wakati ule. Kuna programu inayoigiza VCS ndani ya kompyuta ya kawaida, nayo inaitwa Stella. Jina hilo lilikuwa la siri la mradi wa VCS wenyewe, na lilitokana na baiskeli ya mhandisi Joe Decuir. Stella ina chumba cha wakaguzi. Unaweza kuisimamisha gemu ikiwa katikati, ukaisogeza fremu moja, yaani safari moja nzima ya mwale, au mstari mmoja, au amri moja ya prosesa, huku pembeni namba zikikuonyesha mwale umefika wapi. Mimi hupenda kuisogeza mstari kwa mstari. Mzingile hujengeka mbele yako kutoka juu kwenda chini, na ghafla unatambua kwamba hakuna pahali popote ambapo mzingile huo umehifadhiwa ukiwa mzima. Unatengenezwa upya kila mara, mara 60 kwa sekunde, na mikono ileile.

Tuchukue mstari mmoja. Wakati mwale unavuka kioo, prosesa hupata mapigo 76, hayazidi hata moja. Katika kila pigo mwale husogea hatua tatu, kwa hiyo mstari mzima ni hatua 228. Hatua 68 za kwanza ni za giza, mwale ukiwa unarudi kushoto. Zilizobaki 160 ndizo zinazoonekana. Amri nyepesi kabisa ya prosesa hula mapigo mawili. Kuchukua namba kwenye jedwali lililo ndani ya kaseti hula manne. Kuiweka namba hiyo ndani ya TIA hula matatu. Mwandishi wa programu hufanya kazi akiwa na jumla hizi kichwani, na wengi huandika hesabu ya mapigo pembeni mwa kila amri, ukurasa baada ya ukurasa, ili wakati wowote wajue mwale uko wapi.

Sasa ukuta. TIA ina biti 20 tu za ukuta, na kila biti hufunika nukta nne za upana. Biti 20 zinatosha nusu ya kioo. Nusu ya pili chipu huijaza yenyewe, ama kwa kurudia ileile, ama kwa kuigeuza kama kioo cha kujitazamia. Hapo mtu anaweza kushangilia, kwa sababu mzingile wa Pac-Man upande wake wa kulia ni kivuli cha upande wa kushoto. Ukichora nusu, umechora wote.

Ila punje zinaliwa, na mlaji hali kwa ulinganifu. Anamaliza kichochoro cha kushoto, cha kulia hajakigusa. Tangu punje ya kwanza inapotoweka, pande mbili hazifanani tena, na msaada wa chipu umekwisha. Mwandishi analazimika kuweka biti za upande wa kushoto, kisha, mwale ukiwa bado ndani ya mstari uleule, azibadilishe biti zile ziwe za upande wa kulia.

Na hapa ndipo ninapopenda kupunguza mwendo zaidi, maana ni kazi ya nafasi finyu sana. Biti 20 zimegawanywa katika rejista tatu, yaani visanduku vya kuwekea namba ndani ya TIA. Ya kwanza ina biti nne, ya pili nane, ya tatu nane. (Ya kwanza na ya tatu husomwa kinyumenyume na ya pili kwa mpangilio wa kawaida, wahandisi walipunguza saketi, waandishi wa programu wakalipia.) Kwa upande wa kushoto, rejista ya kwanza iwe tayari kabla ya pigo la 22, ya pili kabla ya la 28, ya tatu kabla ya la 38. Kwa upande wa kulia, huwezi kuigusa rejista ya kwanza kabla ya pigo la 28, kwa sababu bado inachorwa. Wala huwezi kuchelewa kupita la 49, kwa sababu itahitajika tena. Ya pili ina nafasi kati ya pigo la 39 na la 54. Ya tatu kati ya la 50 na la 65. Ukiwahi mno, umeharibu upande wa kushoto. Ukichelewa, upande wa kulia unaonyesha punje za kushoto ambazo pengine zililiwa zamani.

Rejista tatu mara mbili ni sita. Kila moja mapigo manne ya kuchukua na matatu ya kuweka: saba mara sita, 42. Bado mlaji na kizuka. Ili kujua kama mstari huu unamgusa mlaji na, kama unamgusa, ni kipande gani cha umbo lake kichorwe, njia fupi inayojulikana hula mapigo kama 18. Na kizuka vivyo hivyo. Jumla imefika 78, na hujaweka hata amri ya kurudi juu kuanza mstari unaofuata. Hesabu imegoma.

Jibu la kawaida ni kutandaza kazi juu ya mistari miwili: mstari wa kwanza ushughulikie ukuta na kitu kimoja, wa pili ushughulikie kilichobaki, na maumbo yawe na unene wa mistari miwili badala ya mmoja. Jibu lingine ni kukubali kwamba safu zenye kuta tupu hazihitaji kazi ambayo safu zenye punje zinahitaji, na kuziandikia programu tofauti. Kila jibu linakula nafasi ndani ya zile kilobaiti 4. Ukiangalia kwa jicho hilo, sura ya gemu ya Frye inaeleweka. Punje zake ni vijiti vifupi vya kulala, kwa kuwa biti ya ukuta ndivyo ilivyo, pana. Ni za rangi moja na kuta, kwa kuwa ukuta una rejista moja ya rangi, na kuibadili katikati ya mstari ni mapigo ambayo hayapo. Punje zenyewe zimepungua. Kama angezitunza zote 244, biti moja kwa kila punje, angehitaji baiti 31. Na gemu hii inachezwa na watu wawili kwa zamu, hivyo mzingile wa anayesubiri lazima ukumbukwe pia: baiti 62, karibu nusu ya kumbukumbu yote ya mashine, kabla hujajua kizuka kiko wapi.

Kuhusu kujua kiko wapi: TIA haina rejista ya kuandika kwamba kiumbo kikae nukta ya 90. Ina amri ya aina moja, nayo husema "hapa", na kiumbo hukaa pale mwale ulipo wakati amri inatolewa. Kwa hiyo kumweka mlaji mahali pake ni suala la kungoja. Programu hufanya mzunguko mdogo wa kupunguza 15 kutoka kwenye nafasi inayotakiwa; mzunguko mmoja hula mapigo matano, na mapigo matano ni nukta 15 za mwendo wa mwale. Namba inapoisha, mwale umefika karibu na panapotakiwa, na prosesa husema "hapa". Mabaki ya kutoa hukabidhiwa rejista nyingine inayoweza kukisukuma kiumbo nukta chache kushoto au kulia. Sijui mahali pengine katika ufundi wa kompyuta ambapo kugawanya namba na kungoja ni tendo moja.

Kiumbo kimoja kikawekwa kwa mlaji. Kikabaki kimoja kwa vizuka vinne.

Frye alivichora kwa zamu. Fremu hii kizuka cha kwanza, fremu inayofuata cha pili, kisha cha tatu, kisha cha nne, halafu kuanza tena. Kila kimoja kinaonekana mara 15 kwa sekunde na kutoonekana kwa muda uliobaki. Fosforasi ya kioo cha chogo hukawia kidogo kuzimika, nayo ikasaidia kidogo. Lakini kupepesa kulionekana, na watu walilalamika. Ukiisimamisha gemu ndani ya Stella, utakuta kizuka kimoja tu kiooni, wala si kosa la programu. Isogeze fremu moja, na kingine kiko kwingine kabisa. Niliyoyaona kwa macho ya kawaida kama vizuka vinne vinavyotetemeka ni kiumbo kimoja kinachokimbia huku na huko mara 60 kwa sekunde, kikiwa mahali sahihi kila mara.

Na mchezo wenyewe unachezwa lini? Gizani. Kati ya mistari 262, ni 192 hivi inayoonekana. Iliyobaki ni mwale ukimalizia chini ya kioo na kurudi juu, na ndiyo mapumziko pekee ambayo mwale humpa mwandishi: takribani mapigo 5,000. Ndani yake programu husoma jostiki, humsogeza mlaji, huamua kila kizuka kigeukie wapi, huangalia nani amegusa nani, huongeza alama na kupiga sauti. Hata sauti ina ukata wake. TIA hugawanya mlio kwa hatua 32 tu, na noti nyingi za muziki wa kawaida zinaangukia katikati ya hatua hizo, mahali pasipo na kitu. Ndiyo maana gemu nyingi za VCS zina milio badala ya nyimbo.

Kaseti ya Frye iliuzwa kwa mamilioni, zaidi ya 7 kwa makadirio ya kawaida, na hakuna gemu nyingine ya VCS iliyouzwa kuliko hiyo. Pia ilitukanwa. Rangi si zake: Frye ameeleza kwamba Atari ilitaka mandharinyuma meusi yabaki kwa gemu za anga za juu, basi mandharinyuma ya mzingile yakawa ya samawati. Matunda yamekuwa kipande cha mstatili kilichoitwa vitamini. Mlaji ana jicho, na akipanda au kushuka bado anatazama pembeni. Njia ya kutokea nje ya mzingile, iliyokuwa kushoto na kulia, imehamia juu na chini. Lawama hizi ni za haki kwa mtu aliyelipa ili apate gemu ileile aliyoiona kwenye kabati. Ila sikubaliani na wanaosema kazi ilikuwa ya kizembe. Mzembe asingeweza kuwapo kwa wakati kwenye kila mstari.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba palikuwa na njia bora ya kukitumia kiumbo kile kimoja, na walioionyesha walitoka nje ya Atari. General Computer Corporation ilikuwa kampuni changa ya Massachusetts, iliyoanzishwa na vijana walioacha masomo MIT. Walianza kwa kutengeneza vibao vya kuongezea ugumu kwenye makabati ya gemu za wengine. Atari ikawashtaki, kesi ikaisha kwa mapatano, na mapatano yakageuka ajira: vijana wakaanza kuiandikia Atari programu. Wakati huohuo walikuwa wameibadili Pac-Man yenyewe kuwa gemu nyingine, ambayo kampuni ya Midway iliitoa mwaka 1982 kwa jina la Ms. Pac-Man. Hivyo ilipofika zamu ya kuipeleka Ms. Pac-Man nyumbani, waliokabidhiwa walikuwa watu wa nyumba iliyoizaa. Majina yanayotajwa kwa toleo la VCS ni Mike Horowitz na Josh Littlefield.

Walipewa kilobaiti 8, maradufu ya Frye. Prosesa haiwezi kuziona zote kwa pamoja. Dirisha lake kwenye kaseti ni kilobaiti 4. Kaseti ikawa na nusu mbili, na programu ikigusa anwani fulani, nusu moja huondoka na nyingine kuingia mahali pake. Ni jambo la kutaka uangalifu: amri inayobadilisha nusu hukatiwa ardhi iliyosimamia, kwa hiyo amri inayofuata lazima iwe imeandikwa tayari katika nusu ya pili, kwenye anwani ileile hasa ambayo prosesa inatazamia.

Nafasi ikipatikana, mambo yanatulia. Mizingile ni minne. Bibi ana utepe wake kichwani. Matunda yanatembea vichochoroni kama kwenye kabati. Na vizuka vinapepesa kidogo sana. Siri iko kwenye safari ya mwale kwenda chini. Kiumbo kikishachorwa juu ya kioo, kazi yake imekwisha kwa mistari iliyobaki. Unaweza kukipa umbo jipya, rangi mpya, ukasema "hapa" mahali pengine, na kikachorwa tena chini zaidi kama kizuka kingine ndani ya fremu ileile. Zamu za kupepesa zinabaki kwa vile tu vilivyojikuta katika usawa mmoja. Hili linadai programu ijue, kabla fremu haijaanza, vizuka vimepangana vipi kutoka juu kwenda chini, na itafute mstari wa kufanyia lile zoezi la kungoja bila kuvuruga ukuta na punje zinazoendelea kuchorwa. Ukiicheza huoni chochote cha hayo. Unaona vizuka vinne na mwanamke mwenye haraka.

Kulikuwa na waliopita njia nyingine kabisa. Ed Averett aliyeiandikia mashine ya Odyssey² gemu ya K.C. Munchkin, mwaka 1981, aliona punje nyingi ni mzigo, akaweka 12 tu. Kisha akazifanya zitembee, na zikipungua zinaongeza mbio, hivyo ya mwisho ni ya kufukuzwa kwelikweli. Nafikiri ni wazo zuri kuliko kesi iliyolifuata: mahakama ya rufaa ya Marekani iliona mwaka 1982 kwamba gemu hiyo imefanana mno na Pac-Man, na mauzo yakasimamishwa.

Famicom ya Nintendo ilipopata Pac-Man, mwaka 1984 na kwa mkono wa Namco wenyewe, mbio za kuwahi mwale zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa na saketi ya picha yenye vigae vya 8 kwa 8 na viumbo 64, mfano mdogo wa lile kabati. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliokutana na Pac-Man miaka ya 1990 tulikutana naye hapo, kwenye mashine za kuiga Famicom zilizouzwa na kaseti zilizojigamba kubeba gemu kwa mamia. Kazi iliyobaki ilikuwa ya fundi wa kupunguza nguo. Mzingile wa kabati una vigae 28 kwa 31, yaani nukta 248 kwenda chini, na kioo cha Famicom kina 240. Nukta nane zimezidi, na alama za mchezaji bado hazijapata pa kukaa. Mzingile ukafinywa, alama zikahamishiwa pembeni kulia ambako televisheni iliyolala ina nafasi ya bure. Na kikomo kimoja cha zamani kilisalia: mstari mmoja hauwezi kuonyesha zaidi ya viumbo 8 vya upana wa nukta 8. Kizuka kimoja kinakula viwili. Wote watano, vizuka na mlaji, wakijipanga usawa mmoja wanahitaji 10, na kupepesa kunarudi.

Swali la kama kilobaiti 4 zingetosha kwa VCS liliendelea kuwasumbua watu. Mwaka 2008, mpenzi mmoja wa mashine hiyo, akiandika nje ya kampuni yoyote, alitoa Pac-Man 4K: ukubwa uleule wa kaseti ya Frye, baiti 128 zilezile, mzingile unaofanana na wa kabati, njia ya kutokea nje ikiwa imerudi kushoto na kulia. Wengine wameichukua kama hati ya mashtaka dhidi ya Frye. Nimeitazama kwa Stella sambamba na ya kwake, mstari kwa mstari, na ninachokiona ni umbali wa miaka 26. Mzunguko wa kutoa 15, njia ya mapigo 18, hata amri za prosesa ambazo mtengenezaji hakuziandika kitabuni lakini zinafanya kazi mbili kwa gharama ya moja: haya leo yanajadiliwa na kufundishwa hadharani, na anayeanza huyakuta tayari. Mwaka 1981 kila mtu aliyakokotoa mezani kwake, tena kwa tarehe ya kutoa gemu ambayo hakuipanga yeye. Atakayetaka kuzilinganisha mwenyewe aanze na safu moja yenye punje, upande wa kulia wa kioo, na aangalie rejista ya tatu inabadilishwa pigo la ngapi.